Tulivyoifuata Bahari ya Kisarawe Hadi Mkuza

Ndugu zangu wa barazani,

Kila nikipita mnanikamata kwa swali lile lile: "Mwalimu, ilikuwaje huko Mkuza?" Nikimaliza kumjibu Selemani anakuja mwingine kabla kahawa haijapoa, na kila ninaporudia naona mnatazamana, mnapima nimebadilisha wapi. Basi nimeandika. Atakayesoma hapa na bado akanishuku, aende kwa Bi Chausiku, mlango wake mnaujua.

Nianze na kosa langu, maana hata hilo mmelisikia vibaya. Sikusema kwamba mababu zetu walikuwa samaki. Niliwaambia watoto wa darasa la nne kwamba vilima hivi vya Kisarawe, zamani sana kabla ya mtu yeyote, vilikuwa chini ya bahari, na kwamba ushahidi wake ni visukuku. Kisukuku ni kiumbe kilichokufa kikafunikwa na tope kabla hakijaharibika, tope likagandamizwa miaka isiyo na hesabu, mwisho likawa jiwe lenye umbo lake ndani. Hayo nilifundishwa chuoni. Nikachora kombe la chaza ubaoni kwa chaki, nikaona nimefundisha. Kisukuku chenyewe sikuwa nacho hata kimoja.

Mwanahawa, ambaye ndiye mwenye kichwa chepesi kuliko wote darasani, alikwenda nyumbani akayamwaga yote mbele ya baba yake, Bwana Salumu, na bibi yake, Bi Tatu mfinyanzi. Siku ya tatu wazazi wakajaa uwanjani. Bwana Salumu alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitia hofu.

"Mwalimu, mtu akitudanganya juu ya ardhi tunayoikanyaga, tutamwaminije juu ya mabinti zetu?"

Wakanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nilete vitu vya baharini vilivyotoka ardhini, wavione kwa macho, au wasichana wote wanane watolewe shule. Mnajua tulivyohangaika nyumba kwa nyumba mpaka kuwapata hao wanane. Wakiondoka, darasa la wasichana limekufa, na sijui ningerudi kubisha hodi kwa watu na maneno gani.

Sasa, Mwalimu Yohana, niliyesoma naye chuoni, anafundisha karibu na Mkuza, na alikuwa amenipasha kwamba kisima kinachochimbwa huko kimetoa mawe yenye makombe. Sikumwamini. Yohana ndiye aliyenitilia chura kiatuni asubuhi ya mtihani, na akasimama pale kunipa pole. Lakini sikuwa na mwingine wa kumkimbilia.

Kisarawe mpaka stesheni ya Pugu

Habari za ruhusa na barua naziruka. Tulikuwa watu watano: mimi, Mwanahawa, wenzake wawili Zuhura na Pili, na Bi Tatu. Wazazi walimtoa yeye awe jicho lao, na hawakukosea kuchagua. Bi Tatu hununua chumvi kwa kuionja kwanza, na hata akiionja huondoka akinung'unika.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," nilimwamkia alfajiri ile.

"Marahaba. Mimi siendi kutembea, mwalimu. Naenda kuona."

Alibeba kikapu chenye kifuniko, na juu ya kifuniko amefunga kitambaa kwa mafundo matatu. Pili alijitolea kumpokea, akakataliwa. Zuhura naye akakataliwa. Hata Mwanahawa, ambaye kwa bibi yake haombi ruhusa, aliambiwa, "Tembea, mke mwenzangu, mikono yangu haijakatika." Nikakitazama kile kikapu nikajiambia, ndugu zangu, kwamba mle ndani mna dawa ya kuniharibia safari. Nacheka sasa ninapoandika. Siku ile sikucheka.

Tukateremka. Pale barabara inapokata kilima, udongo mweupe unaonekana ukingoni, nami nikachuchumaa nikachota kidogo, nione kama una mchanga. Bi Tatu alikuwa nyuma kabisa, lakini alinifikia kabla sijasimama.

"Weka udongo wa watu, mwalimu."

"Ni wa barabara, Bi Mkubwa."

"Habari za udongo na makombe, nani kakwambia?"

"Nimesoma kitabuni."

"Kitabu gani kinachojua mashimo ya Kisarawe?" Akanikazia macho. "Au ni Chausiku?"

Bi Chausiku ni mfinyanzi mwenzake, ua kwa ua, na nyote mnajua kwamba wale wawili hawajasalimiana tangu sisi tukiwa watoto wa kuchunga mbuzi. Mwenye kujua sababu hayupo. Mmoja akichoma vyungu, mwingine hufunga mlango moshi usiingie. Nikamwambia Bi Tatu kwamba Bi Chausiku sijazungumza naye neno tangu mfungo. Tangu hapo alitembea ubavuni mwangu, na nilichogundua ni kwamba hakuwa akichunga mwenendo wangu na wasichana, kama wazazi walivyomtuma. Alikuwa anaitazama mikono yangu.

Treni, kutoka Pugu kwenda Soga

Treni ilikuja, ikasimama, ikakaa. Tuliambiwa tunangoja treni ya mizigo itupite. Jua likapanda, behewa la daraja la tatu likawa tanuri, na treni ya mizigo hatukuiona. Mwanamke mmoja wa mbele alisema labda haipo, ni sababu tu wametafuta, na behewa zima likamkubali.

Mbele yetu alikaa bwana mmoja amevaa koti zito katika joto lile, amekumbatia mfuko wa ngozi. Zuhura akanigusa mkono, akaninong'oneza, "Mwalimu, mumiani." Nikamwambia anyamaze, mumiani wanaonyonya watu damu hawapo. Kisha nikasogea ili nikae kati yake na wasichana.

Ukweli ni kwamba yule bwana alikuwa na haki zaidi ya kutushuku sisi. Mfuko wangu ulikuwa wazi, na ndani yake ilionekana nyundo, magunia mawili, kamba niliyoitia mafundo ya kupimia kina, na vitambaa vyeupe nilivyochana kutoka kanzu kuukuu ili niwekee alama mawe. Alivitazama kimoja kimoja.

"Mnakwenda wapi, jamaa?"

"Msibani," akasema Bi Tatu.

"Arusini," nikasema mimi, sauti zetu zikigongana.

Wasichana wakainamisha vichwa. Yule bwana akatabasamu kidogo, akafungua mfuko wake, akatoa ndizi mbivu, mkungu mdogo mzuri, akatukaribisha. Sasa nyinyi mnajua desturi: mwenye chakula hutangulia kuonja, ndipo mgeni apokee. Yeye hakuonja. Labda ni mtu wa mjini, labda alikuwa ameshiba. Bi Tatu aliziweka zile ndizi pajani kwa shukrani nyingi, na hapakuwa na aliyegusa hata moja mpaka Soga. Pili alizitazama njia nzima, maskini. Sisi tukala mihogo yetu iliyopoa na samaki wa kukaanga, tena tulimkaribisha, na Bi Tatu alionja kwanza kwa kutafuna polepole ili aone. Yule bwana naye akasema ameshiba.

Soga alishuka pamoja nasi. Alichukua baiskeli yake kwa rafiki yake pale stesheni, akaelekea upande wa Kibaha, njia tuliyokuwa tuifuate sisi kesho yake.

"Huyo anatutangulia," alisema Bi Tatu.

Kwa mara ya kwanza tulikubaliana.

Soga mpaka Mkuza kwa miguu

Tulilazwa na mama mmoja wa Soga ambaye hununua vyungu vya Bi Tatu. Alitupikia wali wa nazi na kisamvu, akaonja mwenyewe mbele yetu, na wasichana wakala mpaka nikaona haya kwa niaba yao. Tulipomaliza, yule mama akaleta chungu cha maji kukionyesha.

"Bi Tatu, usinione mchokozi. Chungu chako kizuri, lakini tazama hapa. Kilikaa salama mwezi mzima, halafu kikabanduka chenyewe."

Ubavuni mwa chungu palikuwa na kishimo kama cha kucha, na katikati ya kishimo punje nyeupe. Bi Tatu alikipokea, akakigeuza, uso ukamwiva.

"Hiyo si kazi yangu. Hiyo ni kazi ya mtu."

Akakataa kusema zaidi. Niliandika moyoni kwamba Bi Tatu ana maadui, na kwamba mimi huenda nimo katika orodha.

Asubuhi tulishika njia. Kutoka Soga mpaka kufika Tangini sikuona neno baya, isipokuwa watoto walikuwa wakituona wanakimbia. Tangini kwenyewe ilikuwa mbaya zaidi. Tulibisha hodi nyumba ya kwanza kuomba maji, tukasikia watu ndani wanaacha kuzungumza. Nyumba ya pili mlango ulifungwa tukiutazama. Ya tatu, mama mmoja alitoa kata ya maji akaiweka chini, akarudi nyuma hatua tano, akangoja tunywe, akaichukua kwa ncha za vidole.

"Mwalimu," akasema Mwanahawa, "wanatuona sisi ndio mumiani."

Nilitaka kumcheka, nikakumbuka bwana wa koti na baiskeli yake.

Mkuza, kwenye kisima

Yohana alitupokea mikono miwili, nami nikamkagua mpaka viatuni kutafuta hila. Haikuwapo. Kisima kilikuwepo, na kando yake lundo la mawe na tope gumu lililotoka chini, kina cha watu wanne wakisimama mmoja juu ya mabega ya mwingine. Nilipasua bonge la kwanza kwa nyundo, na ndani yake, ndugu zangu, palikuwa na chaza amelala kama alivyolala tangu siku yake ya mwisho. Nilipiga kelele. Nimefundisha miaka sita juu ya kitu nilichokuwa sijakiona.

Tulichambua mpaka adhuhuri. Niliwafundisha wasichana kutouliza tu "hiki ni nini" bali "hiki kinasema nini". Kombe lililosagika kingo linasema mawimbi yalilisukasuka, kwa hiyo pwani ilikuwa karibu. Tumbawe linasema maji yalikuwa ya vuguvugu na safi, maana kwenye maji ya tope haliishi. Pili alipata jino la papa dogo, jeusi, bado linakata, akaogopa kulishika. Zuhura alipata bonge lenye alama ya jani, mishipa yote inahesabika. Mawimbi, samaki na jani katika shimo moja. Nikawauliza, jani limefikaje baharini? Zuhura akafikiri, akasema, "Mto." Ningeweza kumbeba mtoto yule.

Mwanahawa ndiye aliyenipita kabisa. Alikuwa na makombe mawili mkononi, moja wazi, moja limefunga mdomo.

"Mwalimu, chaza akifa si hufunguka? Pwani tunayaokota nusu nusu. Huyu amefunga. Huyu alifukiwa akiwa hai."

Bi Tatu alikuwa amekaa juu ya jiwe, kikapu mapajani. Aliinuka akaja.

"Sasa haya, mwalimu, hakuna mtu aliyeyatia humo?"

"Hakuna, Bi Mkubwa. Kina cha watu wanne, ndani ya jiwe."

"Hata kwa ubaya? Mtu akidhamiria?"

"Hata akidhamiria."

Akakaa. Baada ya kitambo akauliza tena, kwa maneno yale yale, nami nikajibu yale yale. Mara ya tatu alimwuliza Yohana, nadhani ili aone kama tumepanga. Yohana akajibu kama mimi. Nikajua mama huyu ameazimia kunitoa muongo mbele ya wazazi, na anatafuta pa kunishikia.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Chuoni tulifundishwa kwamba jiwe lisilo na mahali pake ni nusu ya jiwe, lazima uandike limetoka wapi na kina gani. Basi nikachukua vile vitambaa vyeupe, nikavifunga kwenye vijiti, nikavichomeka kuzunguka kisima: hapa mawe ya juu, hapa ya katikati, hapa ya chini. Kisha nikavuta kamba yangu yenye mafundo kutoka kisimani mpaka kona ya shamba la mihogo. Wasichana wakashika ncha.

Tuliposimama wima tukakuta wanaume kumi na tano wametuzunguka, majembe mabegani. Mbele alikuwa mwenye shamba, Mzee Kondo. Nyuma yake bwana wa koti.

"Ndio hao," alisema bwana wa koti. "Mmoja anasema msiba, mwingine arusi."

Mzee Kondo hakunitazama mimi. Alitazama kitambaa. "Kijiti na kitambaa cheupe. Hizi bikoni za wapima ardhi tunazijua. Shemeji zangu walichomekewa hivi hivi, wakaambiwa ni kupima tu. Leo pale pana mkonge mpaka mwisho wa macho, na wao wanalima kwa watu."

"Shikamoo, mzee. Sisi ni walimu. Tunawaonyesha watoto kwamba hapa, zamani, palikuwa bahari."

"Palikuwa bahari."

"Ndiyo, mzee."

"Na bahari ni ya nani?"

Sikufikiri. "Ya serikali," nikasema.

Yohana alifumba macho. Wanaume wote wakaguna pamoja. Mzee Kondo akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa.

"Kwa hiyo ndivyo mtakavyoandika safari hii. Si petu, palikuwa bahari."

Nilijieleza mpaka koo likakauka, na kila nilichosema kilizidi kuharibu. Nilipowaonyesha jino la papa wakasema tumelileta mfukoni. Bwana wa koti, ambaye kumbe ni seremala wa hapo hapo na mfuko wake ulikuwa wa randa na misumari, alitaka tupelekwe kwa jumbe. Aliyetuokoa ni Bi Tatu. Aliingia katikati, kikapu kichwani, akamwambia Mzee Kondo:

"Baba, mimi huyu mwalimu simwamini kama wewe usivyomwamini. Lakini watoto hawa ni wetu. Chukueni mawe yenu, tupeni njia."

Wakayachukua. Yote, na jani la Zuhura, na jino la Pili. Wakayatupa katika shimo jingine, walilochimba kabla ya kisima likakosa maji, wakafukia na kukanyagia juu, na vitambaa vyangu wakavichoma moto. Mwanahawa alilia bila sauti. Sikumlaumu Mzee Kondo wakati ule wala simlaumu leo, kwa sababu mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo na mapema zaidi. Lakini nilisimama pale na magunia mawili matupu, na niliona darasa la wasichana linafukiwa mbele yangu.

Kurudi

Kuhusu kurudi sina mengi. Yohana alitusindikiza mpaka Soga, akaniomba radhi kwa makosa yasiyo yake, nami nikamwomba radhi kwa kumshuku, naye akauliza nilimshuku lini. Ndizi za seremala zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi ndani ya kitambaa cha Pili. Tulizila. Zilikuwa tamu sana, na tulijisikia vibaya.

Treni haikuchelewa siku hiyo, na kwa mara ya kwanza nilitamani ichelewe. Karibu na Pugu Bi Tatu alimgusa mjukuu wake.

"Mke mwenzangu. Lile kombe lililofunga mdomo. Niambie tena."

Mwanahawa akamweleza tena: aliyefunga mdomo alifukiwa yu hai, na kumfunika hai namna hiyo hakuna mkono wa mtu uwezao.

"Hakuna mtu," akasema Bi Tatu.

"Hakuna, bibi."

Bibi akageukia dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni treni.

Kisarawe, uwanjani

Jumamosi wazazi walikaa, akina baba mbele kwenye mabenchi, akina mama nyuma kwenye mikeka. Nilieleza yote na sikuficha hata lile la serikali. Bwana Salumu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umerudi mikono mitupu."

"Mikono mitupu, Bwana Salumu."

"Mama, wewe umeona nini?"

Bi Tatu akasimama.

"Mawe nimeyaona. Yalikuwa na chaza, yametoka chini kabisa. Mwalimu hakusema uongo."

Mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Yako wapi sasa?" Bi Tatu aliweka kikapu chini, kile kile, akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akamwaga juu ya mkeka makombe ya chaza, mazito, ya kijivu, na udongo wa ufinyanzi umegandia ndani yake. Mengi yamefunga mdomo.

"Haya hayakutoka Mkuza. Nimekwenda nayo na kurudi nayo. Yametoka shimoni kwangu, ninakochimba udongo."

Kisha akaeleza, na nayaandika kama alivyosema. Kwamba tangu alipokuwa mwari, alipoachiwa shimo na mama yake, kazi yake ni kuchambua makombe udongoni. Kwamba kipande kimoja kikimponyoka, chungu hukubali moto vizuri, kikauzwa, na wiki nyingi baadaye, kikishanyonya unyevu, hupasuka pale pale na jina lake kupasuka nacho. Kwamba makombe ni ya pwani na shimo liko kilimani, kwa hiyo alijua kuna mtu anayeyabeba kutoka pwani kuja kumtilia. Na kwamba alimjua mtu huyo.

"Mjukuu wangu aliposema mwalimu anazungumza habari za makombe ardhini, nikasema, huyu kaambiwa na adui yangu, wanataka shimo langu. Nikayafunga haya, nikamfuata, nimwone uso siku nitakapoyatoa." Akayatazama yale makombe mkekani. "Kumbe nimemfuata ili niambiwe kwamba hakuna mtu."

Bwana Salumu alitaka kuliona shimo. Hapo ikawa tatizo, maana mnajua vyema kwamba mwanamume hakanyagi shimo la udongo wa vyungu, akikanyaga vyungu vyote vya mwaka huo vitapasuka. Wanaume wakatazamana. Mwisho hawakuwa na la kufanya ila kukaa pale pale kwenye mabenchi na kuwangoja wake zao. Akina mama wote wakaondoka na Bi Tatu, na wale wasichana wanane nyuma yao. Mimi mwenyewe, niliyeanza habari hizi zote, sijaliona shimo lile mpaka leo na sitaliona.

Walirudi na tope mpaka magotini. Mke wa Bwana Salumu alisimama mbele ya mumewe.

"Yamo. Yamo ukutani mwa shimo, mstari mzima, chini ya udongo ambao haujaguswa. Mwanao amechora. Akae shule."

Bwana Salumu akawatazama akina baba wenzake, akanitazama mimi, na nikamwona anatafuta kama pamebaki pa kushuku. Hakupata. "Wakae," akasema. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, mbele ya wanafunzi wangu.

Lakini Bi Tatu hakuwepo kati ya waliorudi. Mwanahawa akaja kuniita mbio. Tulimkuta amesimama mlangoni kwa Bi Chausiku, na kijiji kizima nyuma yake kikijifanya kinapita.

"Hodi, Chausiku."

Bi Chausiku akatoka, ameinama, mikono ina udongo.

"Nilidhani ni wewe," alisema Bi Tatu. "Unayenitilia makombe shimoni. Miaka yote hii."

Bi Chausiku alimtazama muda mrefu. Akageuka, akaingia ndani. Tulimsikia anasogeza vyungu. Alitoka anakokota kimoja kikubwa, akainamisha mdomo wake ili Bi Tatu aone. Kilijaa makombe mpaka shingoni.

"Haya ni ya shimoni kwangu," akasema. "Nilikuwa nakuwekea ushahidi, siku nitakapokushitaki kwa jumbe."

Hapo Bi Tatu akakaa kizingitini, na Bi Chausiku akakaa kando yake, wakalia kama watu waliofiwa. Nadhani kweli walifiwa. Walikuwa wasichana pamoja, walichezwa ngoma moja ya unyago. Kisha Bi Tatu akachukua kombe moja kutoka katika chungu, na moja lake lililobaki kitambaani mwake, akayaweka kiganjani na kuyageuza.

"Yapi yako?" akauliza. Bi Chausiku akayashika, akayakagua, akashindwa.

Hicho ndicho chungu mnachokiona mlangoni mwa darasa la nne, ambacho baadhi yenu mnasema nimekijaza mwenyewe. Wasichana wote wanane wanayachambua makombe yake. Juzi wale mabibi wawili walikuja pamoja kukitazama, na Bi Tatu akasema kimefinyangwa vibaya, na Bi Chausiku akamwambia akae kimya.